Maana na asili ya neno “gadfly”

Umeuliza kwa nini Waingereza humwita mchokozi wa hoja “gadfly”. Kwanza ni jina la pange, yule nzi mkubwa aumaye ng’ombe na farasi, na kipande cha “gad”, chenye asili ya Skandinavia ya kale, humaanisha mwiba au ncha ya kuswagia wanyama. Matumizi yake kwa mtu yanahusishwa na utetezi wa Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mahakamani Athens mwaka 399 KK, kama alivyouandika mwanafunzi wake Plato: mji ni farasi bora lakini mzito kwa ukubwa wake, naye Sokrates ni pange aliyetumwa na mungu kumwamsha farasi huyo. Kwa maoni yangu, kulitafsiri kwa “mchochezi” pekee kunapotosha, kwa kuwa mtu huyo huwaudhi wakubwa kwa maswali, si kwa fujo.