Chungu cha Kaburu

Mwanangu,

Umeniuliza kama tumrudishie yule mjukuu wa Kaburu chungu cha chuma, kwa kuwa amekuandikia kutoka Afrika Kusini na yuko tayari kukinunua. Nitakujibu. Lakini naona ameandika kwamba chungu "kiliachwa" kwetu, kama mwavuli uliosahauliwa kwenye matatu.

Kimetoka mbali, sibishi. Babu yake alikuja akiwa mtoto katika msafara wa Makaburu ulioongozwa na van Rensburg, mwaka 1908, baada ya Waingereza kuwashinda kwao vitani. Meli hadi Mombasa, gari la moshi hadi Nakuru, kisha magari ya ng'ombe matopeni mpaka Sergoit, wakati Eldoret ingali ikiitwa Sisibo. Waliambiwa uwanda ni mtupu. Mtupu! Miaka mitatu tu nyuma, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alikuwa ameuawa na Waingereza, na Wanandi wakanyang'anywa ng'ombe kwa maelfu. Hilo mjukuu hakuliandika. Pengine hakuambiwa.

Babu yako alikuwa skwota pale, akiishi na kufanya kazi kwenye shamba la Kaburu huyo. Sheria ya 1918 ilitaka skwota amfanyie setla kazi siku 180 kwa mwaka ndipo alishe mifugo yake shambani, na hata baadaye mambo hayakulegea sana. Yeye alikamua, nyanya yako akapika, ndani ya chungu hichohicho, nyama ambayo sisi hatukuionja. Chombo ni cha anayekipikia. Hilo nimekwambia tangu ukiwa mdogo.

Uhuru ulipokaribia wakafunga virago. Kila kitu kilipigwa mnada: plau, ng'ombe, hata milango ya zizi. Babu yako alikuwa akidai mshahara na ndama wawili aliokuwa ameahidiwa. Bwana akasema hesabu imekwisha, akamwita boi, nami nimeshika koti la baba yangu. Ndama nimewasahau. Lile neno, mbele yangu, sijalisahau.

Ndipo memsahibu akatoka jikoni na chungu, masizi yote, akampa nyanya yako bila kumtazama mumewe. Alikuwa akilia. Nyanya yako hakulia. Aliuliza kifuniko kiko wapi! Kilikuwa mezani kwa dalali, kimeshaandikwa namba. Akakiendea, akakibeba, akaondoka nacho, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Hadi leo nikikumbuka mwendo wake nacheka peke yangu.

Basi ni zawadi au ni malipo? Babu yako alikufa akisema chungu kile ndio malipo ya ndama wake. Nyanya yako alishikilia ni zawadi ya mwanamke kwa mwanamke, na walinuniana kwa ajili hiyo. Kikiwa zawadi, hakirudi. Kikiwa malipo, ndiyo kabisa hakirudi. Lakini huyu kijana anasema memsahibu alikitaja mpaka uzeeni. Mtu hukitaja hivyo kitu alichokitoa kwa moyo? Labda hukitaja zaidi. Mimi bado nasema chombo ni cha anayekipikia, ingawa ukweli ni kwamba na yeye alikipikia kabla yetu.

Jibu ninalo, na ulimi unaniwasha. Silisemi, kwa sababu wewe ndiye utakayebaki nacho. Mwandikie kwanza, umuulize kama aliwahi kusimuliwa habari za ndama. Akijibu, niletee nisome mwenyewe.

Chungu tutaona. Kifuniko hakiendi popote.

Mama yako