Maswali na Majibu: Bomu Likishaachiwa, Rubani Anakwenda Wapi?

Je, ni kweli bomu la nyuklia la Hiroshima lilishuka kwa parachuti? (Msomaji, Jinja)
Si kweli. Nimeshalijibu hili mpaka kalamu imechoka. Parachuti zilizoonekana zilibeba vyombo vya kupimia mlipuko, na ziliangushwa na ndege nyingine. Bomu lilianguka bila parachuti, sekunde 43 hivi, likalipuka juu ya mji.

Sasa rubani aliponaje? (Mwanafunzi, Mbarara)
Hapo umeuliza. Kuachia bomu ni kazi ndogo, kazi ni kutoroka. Tibbets, rubani wa ndege iliyobeba bomu la Hiroshima, aliliachia akiwa zaidi ya mita 9,000 juu, akakata kona kali ya nyuzi 155. Mshindo ulimkuta kilomita 18 hivi kutoka pale, na bado ndege ilitikisika.

Rada na makombora ya kutungulia ndege yalipoenea, marubani wakalazimika kuruka chini, na chini huna muda wa kukimbia. Ndipo ikaja mbinu ya kurusha: ndege inakuja chinichini, inainua pua ghafla, bomu linaachiwa huku ndege ikipanda. Bomu linaendelea juu kabla ya kushuka, rubani naye keshapinduka anarudi alikotoka. Ni mtoto anayetupia jiwe mzinga wa nyuki huku miguu imeshageuka. Ndege kubwa hazikuumbwa kwa sarakasi hizo. Mwaka 1958 Wamarekani walikuta B-47, ndege zao kubwa za mabomu, zina nyufa kwenye mabawa. Mimi niliyeshika tochi chini ya bawa miaka mingi nawaambia, ufa huanza mwembamba kama unywele, na fundi mwenye haraka huupita. Njia nyingine ni parachuti pamoja na kicheleweshi: bomu linatua, linalala chini kidogo, ndipo linalipuka.

Makombora ya nyuklia yapo, ndege za nini? (Gulu)
Ndege huitwa ikarudi, kombora likisharuka halirudi.

Ndege yenye mabomu hayo ikianguka ziwani kwetu, Entebbe yote itateketea? (Mama wa watoto watatu, Entebbe)
Mama, mlipuko wa nyuklia si rahisi utokee. Ila usilale kwa sababu hiyo. Januari 1966, huko Palomares, Hispania, B-52, ndege ya mabomu ya Wamarekani, iligongana na ndege iliyokuwa ikiijaza mafuta angani. Mabomu manne yakaanguka. Baruti za kawaida za mawili zililipuka zikatawanya plutoni, madini yenye mionzi ya sumu, mashambani, kwenye nyanya za watu. La nne lilizama baharini, likatafutwa kama siku 80, na aliyeonyesha lilipoangukia ni mvuvi. Kwa hiyo wanaoniandikia kwamba mitambo ya kisasa haikosei, wamuulize mkulima wa Palomares aliyechukuliwa udongo wa shamba lake ukapelekwa Marekani kwa mapipa.