Kusafisha throtoli ya Toyota IST nyumbani

Ndugu, kama IST yako inatetemeka na kutaka kuzima kwenye foleni, throtoli (mlango wa kupitishia hewa kwenda kwenye injini) ikiwa chafu inaweza kuwa chanzo, na kuisafisha unaweza mwenyewe. Injini ipoe kabisa, uwe nje penye hewa, pasiwe na sigara wala jiko karibu. Chomoa waya hasi wa betri, kisha fungua bomba la hewa linaloingia kwenye throtoli. Utaona kibati cha duara chenye masizi meusi pembeni. Tafadhali usikisukume kwa kidole! Kinaendeshwa na mota ndogo, meno yake yanaweza kuharibika. Pulizia dawa ya throtoli kwenye kitambaa laini, ufute taratibu. Petroli usitumie. Rudisha bomba na waya wa betri. Ukiwasha, sailensa (kasi ya injini gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta) ikipanda kidogo, iache itulie.