Ile herufi nyuma ya 1080 kwenye king'amuzi chako

Tulipoachana na runinga ya kichogo tukanunua bapa ya inchi 43, nilitarajia mpira uonekane safi zaidi. Badala yake, winga akikimbia tu, kingo za jezi yake zilichongoka kama meno ya kitana. Nililaumu dishi, nikabadilisha waya wa HDMI. Kumbe shida ilikuwa kwenye mipangilio ya king'amuzi.

Namba 1080 ni idadi ya mistari ya picha; herufi i humaanisha mistari huja kwa zamu, na p humaanisha picha huja nzima. Kwa hiyo picha ya 1080i haifiki nzima. Hutangulia mistari ya witiri, 540, halafu baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde ndipo ifike ya shufwa. Kichogo kilichora kwa zamu hivyo hivyo, macho yakaunganisha. Bapa huonyesha mistari yote kwa pamoja, kwa hiyo lazima nusu hizo mbili ziunganishwe kwanza. Mchezaji akiwa ameshasogea, hazilingani, na hapo ndipo meno yanapotokea.

Kazi hiyo hufanywa na king'amuzi au na runinga. Changu kilikuwa kwenye 1080p, yaani kiliunganisha chenyewe, tena vibaya. Nilipokirudisha 1080i runinga ikaifanya vizuri mno. Kwa jirani yangu ikawa kinyume, basi usiige, jaribu: fungua taarifa ya habari, tazama maandishi yanayopita chini, badilisha, linganisha.

Na 720p usiidharau kwa udogo wa namba. Huleta picha nzima mara 50 kwa sekunde, nukta milioni 46 hivi. 1080i huleta milioni 52, lakini kwa nusu nusu. Kituo cha michezo cha ESPN cha Marekani kilichagua 720p, na kwa mpira nakubaliana nao kabisa. Filamu ni habari nyingine: nusu zote mbili hutoka kwenye picha ileile, zikiunganishwa vizuri hupotezi kitu, na 1080i ina mistari mingi zaidi.

Mwenye kanda za harusi asikilize hapa. Kamera zile zilirekodi kwa nusu hizo hizo, 50 kwa sekunde. Fundi akikuhamishia kwa fremu 25, yaani picha nzima 25 kwa sekunde, nusu ya mwendo imepotea. Ya dada yangu ilihamishwa hivyo, wacheza mduara wakawa wanarukaruka. Bahati kanda tulikuwa nayo bado. Tulirudi, tukaomba fremu 50, na mama akatulia kuangalia marehemu shangazi akicheza kama alivyokuwa akicheza.