Barua kwa mwanangu: mbona Walawi 18 inataja mpaka mke wa baba mdogo

Mwanangu,

Meseji yako ya jumapili usiku nimeirudia mara mbili tatu nikaona hii siyo ya kujibu kwa simu, acha nikuandikie vizuri. Umeniuliza, mama, mbona Ibrahimu alimuoa Sara ambae ni dada yake kwa baba na Mungu akambariki, alafu Walawi 18 inakataza dada hata akiwa wa baba tu, na mbona listi ya wanawake ambao mwanaume asilale nao ni ndefu hivyo, si wangesema ndugu wa damu basi.

Wazee wale Biblia haijawaficha. Ibrahimu anakiri mwenyewe, Mwanzo 20:12. Amramu alimuoa Yokebedi shangazi yake, Kutoka 6:20, yani Musa aliyeleta sheria ya kukataza shangazi, ndoa ya namna hiyo hiyo ndio iliyomzaa yeye! Sheria ilikuja Sinai, wao walishapita. Lakini angalia nyumba ya Yakobo, Raheli na Lea, dada wawili mume mmoja, mpaka wanauziana usiku wa mume kwa matunda ya tunguja. Ukitoka hapo ukasoma Walawi 18:18, usimuoe dada wa mkeo huyo akiwa hai asije kuwa mtesi wake, utaelewa kabisa ni maumivu gani yanazungumziwa.

Sasa hiyo listi. Kwa Israeli kila ukoo ulikaa boma moja, mzee, wake zake, vijana waliooa na wake zao, wajukuu, wote uwanja mmoja. Hesabu wanaotajwa: mama, mke wa baba, dada, mjukuu, shangazi, mama mdogo, mke wa baba mdogo, mke wa mwanao, shemeji. Wengine hapo hamna damu moja kabisa. Ni watu unaoamka nao, unaokula walichopika, na wengi ni wanawake ambao mwanaume wa humo ndani akiwageukia hawana pa kukimbilia, ndo maana maneno yote anaambiwa mwanaume.

Mkwe nae yumo, mama wa mkeo, soma Walawi 20:14. Baba yako alipokuwa anakuja kwetu, bibi yako alikuwa hapiti mbele yake hata siku moja, alikuwa anatokea mlango wa uani na kitenge amejitanda, chakula anakileta mdogo wangu, na mi nilidhani hampendi kumbe ndo heshima yenyewe. Hakuwahi kusoma Walawi yule.

Shemeji ana mlango mmoja tu, Kumbukumbu 25, kaka akifa bila mtoto wa kiume ndugu yake anamchukua mjane ili jina la marehemu lisifutike, na akikataa mjane anamvua kiatu mbele ya wazee. Binamu hayumo kwenye listi, binti watano wa Selofehadi waliolewa na watoto wa ndugu za baba yao, Hesabu 36. Kwetu binamu ni dada yako na utabaki hivyo, ila watu wa pwani wanaooana binamu usiwahukumu kwa Walawi.

Kinachoniuma mimi ni Tamari, binti wa mfalme Daudi, 2 Samweli 13. Kaka yake Amnoni kajifanya mgonjwa, binti kakanda unga mbele ya macho yake, kamuokea mikate, na yeye akamshika kwa nguvu. Alafu akamfukuza, akamwambia mtumishi wake amtoe nje na afunge mlango. Tamari akatoka na majivu kichwani, nguo yake nzuri ameirarua, analia njiani. Na Daudi baba yao akakasirika sana, basi, hatuambiwi alimfanya nini Amnoni. Sheria ilikuwepo mwanangu, ila mwenye nyumba alinyamaza.

Umesema alhamisi unafundisha kwenye fellowship. Usiishie Walawi. Fungua hiyo sura ya Tamari, na mstari wa 12 ambapo Tamari anamwambia usinitenze nguvu, jambo hili halifanyiki katika Israeli, mpe binti mmoja ausome kwa sauti, na nyie vijana wa kiume mkae kimya msikilize mpaka amalize.

Mama yako