Maswali ya wasomaji: Chumba kikilala kitupu, nani analipa pango?

SWALI: Wahariri, salaam. Nina akiba ambayo sitaigusa kwa miaka mitano hivi. Nimekuwa nikifuatilia kampuni za Marekani za upangishaji wa nyumba kwa muda mfupi, hasa Airbnb. Je, hisa zake zinafaa kununuliwa? Na mbona nyingine za biashara hiyohiyo zimeporomoka hadi senti?

JIBU: Wa alaika salaam, ndugu msomaji. Kampuni hizi hutajwa kwa pumzi moja, lakini biashara zao hazifanani. Kabla hujatazama bei ya hisa yoyote, uliza: chumba kikilala kitupu usiku wa leo, nani analipa pango?

Kwa Airbnb, hasara ya chumba kitupu ni ya mwenye nyumba. Kampuni haimiliki kitanda hata kimoja. Inakutanisha mgeni na mwenyeji, kisha inakata ada yake. Mwaka 2024 nafasi zilizowekwa kupitia kwake zilifikia thamani ya dola bilioni 81.8, na mapato yake yakawa dola bilioni 11.1. Gawanya, utaona ilibaki na senti 13.6 hivi katika kila dola aliyolipa mgeni. Uwiano huo uandike mahali na uulinganishe kila mwaka, kwani ndio unaokuonyesha kama kampuni bado ina nguvu ya kutoza ada.

Sonder, kampuni nyingine ya biashara hii, ilikwenda njia nyingine. Ilikodi majengo kwa mikataba ya miaka mingi, ikatia samani, halafu ikauza usiku mmojammoja. Wageni huja kwa msimu, pango halina msimu. Iliingia sokoni Januari 2022 kwa kuungana na kampuni-ganda iliyokwisha kuorodheshwa, yaani kampuni isiyo na biashara yake, iliyoundwa ili kuungana na nyingine. Septemba 2023 ikaunganisha kila hisa 20 kuwa 1, kwa sababu soko la hisa la Nasdaq haitaki hisa ikae chini ya dola 1 kwa muda mrefu. Novemba 2025 kampuni ya hoteli ya Marriott ilivunja mkataba wake wa leseni na Sonder, na siku chache tu baadaye Sonder ikatangaza kwamba inafilisika na kufunga shughuli. Kampuni ikifikia hatua ya kuuza mali zake, wadai hulipwa kwanza. Mwenye hisa husimama mwisho wa foleni, na kwa kawaida hakuna kinachobaki.

Kampuni ya tatu, Vacasa, ilikuwa katikati. Haikulipa pango, ilisimamia nyumba za likizo za watu wengine: usafi, funguo, mashuka, bomba lililopasuka usiku wa manane. Kazi hiyo inataka watu wengi katika kila mji, na mwenye nyumba asiporidhika humhamia msimamizi mwingine. Nayo iliingia kwa njia ya kampuni-ganda, Desemba 2021, ambapo hisa ilihesabiwa kwa dola 10. Oktoba 2023 ikaunganisha hisa 20 kuwa 1. Mwaka 2025 ikanunuliwa na Casago, msimamizi mwingine wa nyumba za likizo, kwa dola 5.30 kwa hisa. Usidanganyike na hiyo 5.30, igawanye kwa 20, utapata senti 26 na nusu kwa kila hisa ya awali ya dola 10. Ndiyo maana ukiona hisa imeunganishwa hivyo, grafu ya bei peke yake haitoshi. Tafuta tangazo lenyewe.

Kwa hiyo kati ya hizo tatu, Airbnb ndiyo yenye biashara nzuri. Ila biashara nzuri kwa bei mbaya bado ni hasara. Ilipoorodheshwa tarehe 10 Desemba 2020, hisa zilitolewa kwa dola 68, zikaanza kuuzwa sokoni kwa 146 na kufunga siku kwa 144.71. Mwaka huohuo kampuni ilipata hasara ya dola bilioni 4.6. Kufikia 2022 ilikuwa imepata faida ya bilioni 1.9, faida yake ya kwanza ya mwaka mzima tangu iorodheshwe, na hata hivyo hisa ilimaliza mwaka huo ikiwa chini ya dola 90. Aliyenunua jioni ile ya kwanza alikuwa amepoteza takriban asilimia 40 wakati kampuni yenyewe inastawi.

Namna ya kupima bei ni hii. Chukua fedha taslimu zinazobaki baada ya gharama na uwekezaji: mwaka 2024 zilikuwa dola bilioni 4.5. Toa thamani ya hisa wanazolipwa wafanyakazi kama sehemu ya ujira, takriban bilioni 1.4. Wachambuzi wengi hawaitoi, nasi tunadhani wanakosea: hiyo ni gharama halisi, ndiyo maana kampuni hutumia mabilioni kununua tena hisa zake sokoni ili zisizidi kuongezeka. Unabaki na bilioni 3.1. Sasa tuseme kampuni nzima ina thamani ya bilioni 80 sokoni. Kwa hesabu ya kwanza unalipa mara 18 ya fedha ya mwaka. Kwa hesabu ya pili, karibu mara 26. Ukilipa mara 26, unahitaji ukuaji wa kutosha miaka yote mitano. Tungenunua kwa utulivu zaidi ikiwa chini ya mara 20 kwa hesabu hiyo ya pili.

Hatari kubwa ni sheria za miji. Tangu Septemba 2023 New York haimruhusu mwenyeji kupokea wageni kwa chini ya siku 30 mpaka ajiandikishe, naye awepo nyumbani, tena wageni wasizidi wawili. Barcelona imetangaza kutohuisha leseni za nyumba za watalii zaidi ya 10,000, ambazo zitaisha kufikia Novemba 2028. Kampuni imesambaa katika nchi nyingi kiasi kwamba mji mmoja hauiangushi. La kuangalia ni iwapo serikali nzima inafuata njia hiyo, au inadai kodi za nyuma: Desemba 2023 Airbnb ilikubali kuilipa Italia euro milioni 576 kwa kodi ambayo haikuikata kwenye pango la wenyeji.

Jambo jingine, waanzilishi wana hisa za daraja lenye kura 20 kila moja. Wewe utakuwa na kura 1. Usinunue ukitarajia wanahisa wataibadili menejimenti.

Ukiamua kununua, isizidi asilimia 5 ya akiba yako, na uigawe katika manunuzi manne au matano ndani ya mwaka.

SWALI: Faida ya Airbnb ilikuwa dola bilioni 4.8 mwaka 2023, ikashuka hadi 2.6 mwaka 2024. Je, si dalili ya kuporomoka?

JIBU: Hapana. Faida ya 2023 ilibebwa na nafuu ya kodi ya mara moja, karibu dola bilioni 2.9, iliyoingizwa vitabuni baada ya kampuni kuona kuwa sasa itaweza kutumia hasara zake za zamani kupunguza kodi. Mapato yenyewe yalipanda, kutoka bilioni 9.9 hadi 11.1.

Kinachostahili wasiwasi wako kiko mstari mwingine wa ripoti: riba. Kwa kawaida mgeni hulipa anapoweka nafasi, mwenyeji hupokea takriban saa 24 baada ya mgeni kuingia. Kwa wiki au miezi hiyo ya katikati, fedha hukaa kwa kampuni. Riba ya fedha hizo pamoja na akiba yake ilizidi dola milioni 800 mwaka 2024, karibu robo ya faida kabla ya kodi. Riba za Marekani zikishuka, sehemu hiyo hupungua hata kama wageni hawajapungua.

Na tahadhari moja ya msimu: robo ya kwanza ya mwaka fedha hujaa kwa sababu watu wanalipia safari za katikati ya mwaka, ilhali mapato huandikwa mgeni anapoingia, hivyo robo ya tatu ndiyo yenye mapato makubwa. Usizidishe robo yoyote kwa nne. Linganisha robo na robo ileile ya mwaka uliopita.

SWALI: Mimi tayari nina nyumba mbili ninazopangisha kupitia Airbnb. Ninunue na hisa?

JIBU: Usinunue. Wasafiri wakikosekana, nyumba zako zitakosa wageni na hisa itashuka siku hizohizo. Mwaka 2020 kampuni ililazimika kukopa dola bilioni 2 na kupunguza wafanyakazi wapatao 1,900, robo ya wote. Wenyeji wengi walikuwa na kalenda tupu wakati huohuo. Kama unataka hisa, chukua mfuko wa uwekezaji unaofuata kampuni kubwa 500 za Marekani za faharasa ya S&P. Airbnb imo tangu Septemba 2023, kwa kipimo kidogo kinachokutosha.

SWALI: Siishi Marekani. Kuna makaratasi gani?

JIBU: Dalali atakupa fomu W-8BEN ya kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa huko. Ukiisaini leo, inadumu mpaka mwisho wa mwaka wa tatu unaofuata. Ikiisha bila kuhuishwa, utakatwa kodi kubwa zaidi. Airbnb hailipi gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa), kwa hiyo makato ya asilimia 30 ya gawio hayakuhusu kwa sasa. Mali zako zilizoko Marekani zikizidi dola 60,000, familia yako inaweza kudaiwa kodi ya mirathi ukifariki, isipokuwa nchi yako ina mkataba unaozuia. Unapoagiza, taja bei ya juu kabisa unayokubali kulipa, badala ya kununua kwa bei yoyote itakayokuwepo. Matokeo ya robo mwaka hutangazwa baada ya soko kufungwa saa 10 jioni kwa saa za New York, na asubuhi inayofuata bei inaweza kufungua mbali kabisa na ulipoiacha.