Wembe mnene au mwembamba kwa ndevu ngumu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Marehemu mjomba alikuwa baharia, ameacha nyembe mbili za kukunja. Mmoja ni mzito, mbavu zake zimenyooka, una umbo la kabari na umeandikwa Sheffield. Wa pili umeandikwa Solingen; umechimbwa mbavu zote mbili, na ukiugusa makali kwa ukucha unalia. Ndevu zangu ni ngumu, za kujikunja. Nanyoa mara moja kwa wiki, Alhamisi usiku, na shingoni vipele haviishi. Nataka kuutengeneza mmoja tu. Nichukue upi? Msomaji, Tabata.

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu yangu. Vinyozi wengi watakwambia ndevu ngumu dawa yake ni wembe mnene. Mimi nakwambia chukua wa Solingen, na sababu yangu kubwa haiko kwenye ndevu, iko kwenye jiwe la kunolea.

Kwanza tuondoe dhana kwamba wembe mnene una makali butu, au mwembamba una makali zaidi. Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelala, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Kwa hiyo pembe ya makali inatokana na unene wa mgongo na upana wa wembe, siyo na kiasi mbavu zilivyochimbwa. Wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4.5 unatoa pembe ya nyuzi 16 hivi. Chukua mwingine mpana zaidi, milimita 19, wenye mgongo wa milimita 5.5: unapata karibu nyuzi 17. Unywele hautambui tofauti hiyo.

Kinachobadilika ni ugumu. Mnene haupindi. Ukikutana na ndevu za wiki nzima unapita moja kwa moja, na uzito wake unasaidia mkono. Mwembamba una chuma kidogo sana nyuma ya makali, hivyo ukisukumwa kwenye kichaka kirefu, hasa ukiusimamisha mno, unatetemeka, na mtetemo huo ndio unaokwaruza ngozi. Hapo wanaosifia wembe mnene wana haki. Lakini ndevu ndefu zinatibika kwa njia rahisi: pitisha mashine kwanza zibaki fupi, kisha loweka kwa maji ya moto dakika tatu au nne. Unywele uliokunywa maji unakatika kwa urahisi zaidi kuliko mkavu. Ukifanya hivyo, wembe mwembamba ulionolewa vizuri hautakushinda, alimradi uulaze, kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi.

Sasa tuje kwenye kunoa, maana wembe wowote uliokaa miaka kabatini lazima upite kwenye jiwe. Ule wa Solingen unagusa jiwe kwa mistari miwili tu, mgongoni na kwenye makali, kwa hiyo hata anayejifunza anaona chuma kinavyoliwa. Kabari halisi inalalia jiwe karibu ubavu mzima. Utasugua hadi mkono uchoke, na kama ubavu umejipinda kidogo tu, makali yataguswa sehemu na sehemu yataachwa. Wazoefu hubandika tepu nyeusi ya mafundi umeme mgongoni ili makali yafike kwenye jiwe. Tepu moja inaongeza pembe kwa karibu nyuzi moja, si neno. Ila huo si mlango wa kuanzia.

Na tafadhali, usimpelekee mnoa visu wa mtaani mwenye gurudumu la baiskeli. Simdharau, kisu cha jikoni anakiweza. Wembe ni mwembamba mno kwa gurudumu lile: unapata joto, chuma kinageuka bluu, na hapo ukali hautakaa tena. Tafuta jiwe bapa la maji, yaani la kunolea likiwa limeloweshwa. La namba 1000 linatengeneza pembe, 4000 hivi linafuta mikwaruzo, 8000 linamaliza. Kisha upitishe kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, kila unapotaka kunyoa. Kabla ya yote, angalia makali ya ule wa Solingen chini ya taa. Yakiwa na ufa, hata mdogo, nimegeuza jibu langu: chukua wa Sheffield.

Vipele havitaisha kwa kubadilisha wembe. Unywele wa kujikunja ukikatwa chini sana, ncha yake inarudi kuchoma ngozi. Nyoa kufuata ndevu zinavyolala, mara moja, mbili zikizidi, na usivute ngozi sana. Kunyoa kinyume ili shavu lilainike kabisa ndiko kunakokuponza. Shingoni ndevu hulala kwa pande tofauti, kwa hiyo zipapase kabla ya sabuni. Vipele vikianza kugeuka makovu yaliyovimba, acha wembe kabisa, umwone daktari wa ngozi.

Kutu je? Nyembe nyingi za zamani ni za chuma kisicho na kinga, na hewa yetu ya pwani unaijua. Futa, kausha, paka tone la mafuta ya cherehani, na usiuache bafuni. Usimwazime mtu pia, hata ndugu wa tumbo moja: virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B hupita kwenye damu, na ndiyo maana saluni inayojiheshimu inaweka kiwembe kipya kwa kila mteja.

Siku ukipata hela ya kununua wako mwenyewe, ulizia uliochimbwa nusu, wenye upana wa 6/8 ya inchi, yaani milimita 19. Hautetemeki kama wa Solingen ulionao, wala hautakutesa kwenye jiwe kama kabari. Kwa ndevu kama zako mimi ningenunua huo.